Kushuka bandarini na matineja bila ziara ya meli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wazazi na walezi waliokwisha kulipia safari ya meli ya kitalii, wana kijana wa miaka 12 hadi 18, na wanajiuliza kama wataweza kushuka kila bandari na kutembea wenyewe badala ya kufuata kibendera cha kiongozi wa kundi. Mifano mingi ni ya Bahari ya Mediterania, kwa sababu huko miji mingi ya bandari inafikika kwa miguu au kwa treni, na ndiko familia nyingi huanzia.

Ziara zinazouzwa melini zina ubaya gani?

Hazina ubaya. Zina hata sifa moja ambayo huwezi kuinunua kwingine: basi la ziara ya meli likichelewa, meli hulisubiri, au kampuni hubeba jukumu la kuwafikisha abiria hao bandari inayofuata. Ukijitembeza, jukumu hilo ni lako peke yako.

Kinachowashinda matineja ni mwendo wake. Kijana wa miaka 14 anakaa kwenye basi, anasubiri watu arobaini washuke mmoja mmoja, anasikiliza kipaza sauti, kisha anapewa dakika ishirini mbele ya duka ambalo hakulitaka. Jioni ukimuuliza ameona nini, anakwambia, "Jengo fulani." Mpe kijana huyohuyo ramani, umwambie aifikishe familia kwenye ngome ile ya juu, naye atakumbuka kila kichochoro kwa sababu kila kichochoro alikiamua yeye. Pesa mtakazookoa ni nyongeza tu.

Mimi huchanganya. Mji ukiwa karibu na gati tunajitembeza. Mji ukiwa mbali na safari ya kurudi ikitegemea treni moja moja, nanunua ziara ya meli na sioni haya.

Nani achague pa kwenda?

Kijana. Ukiwa na vijana wawili, wapokezane. Kwetu kila bandari ina nahodha wake wa nchi kavu. Nahodha anachagua jambo moja kubwa la siku, anatafuta njia ya kufika na anasema tutakula wapi. Mzazi anabaki na mambo mawili tu asiyoyaachia: saa ya kurudi na usalama. Hayo mawili hayajadiliwi. Mengine yote, hata yale ambayo ungeyafanya vizuri zaidi, mwachie.

Nasisitiza jambo *moja* kubwa. Meli nyingi hukaa bandarini kwa muda wa saa nane hadi kumi. Toa muda wa kusubiri kushuka, muda wa kwenda na kurudi, chakula, na akiba ya kuchelewa, utajikuta na saa tano za kutembea, pengine nne. Familia inayotaka kuona vivutio vitano ndani ya muda huo huishia kugombana mbele ya cha pili.

Chaguo lake likikushangaza, lifuate hata hivyo. Zamu ya mwanangu ilipofika Naples, hakutaka makumbusho hata moja. Alitaka kupanda treni za mteremko zinazopandisha watu vilimani, na Naples inazo nne. Tulipanda mbili. Tulipotokea juu Vomero, ghuba yote ikiwa chini yetu na Vesuvius upande wa pili, ni yeye aliyeuliza mlima ule ulilipuka lini. Nilimjibu kuwa mlipuko uliofukia Pompeii ulitokea mwaka 79, na maswali hayakuisha mpaka tukarudi chumbani. Hilo lisingetokea kama ningeanza mimi kumhubiria.

Bandari iliyoandikwa kwenye ratiba ndiyo mji wenyewe?

Mara nyingi siyo, na hapa ndipo wengi hunaswa. Ratiba ikisema "Roma", meli inatia nanga Civitavecchia, takribani kilomita 80 kutoka Roma. "Florence" au "Pisa" maana yake ni Livorno: Pisa iko karibu, kama kilomita 20, lakini Florence ni karibu kilomita 90. "Paris" ni Le Havre, kiasi cha kilomita 200. "Berlin" ni Warnemünde, na treni ya kwenda Berlin huchukua karibu saa tatu kwa upande mmoja. "Athens" ni Piraeus, lakini huko umebahatika, kwa sababu metro inafika bandarini: Laini ya 1 hukupeleka Monastiraki, chini ya Akropoli, na tangu Oktoba 2022 Laini ya 3 nayo inafika Piraeus.

Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote, mwambie nahodha wako wa siku atafute mambo matatu: gati liko wapi hasa, kutoka gatini hadi lango la bandari unakwenda kwa nini, na kutoka langoni hadi mjini je. Sehemu ya katikati ndiyo inayosahauliwa. Bandari kubwa hazikuruhusu kutembea kwa miguu katikati ya makontena, kwa hiyo unasubiri basi la bandari. Civitavecchia, kwa mfano, kuna basi la kukutoa gatini, kisha bado kuna njia ya kufika stesheni. Barcelona magati mengi ya meli kubwa yako kwenye gati refu la Adossat, na watu hupanda basi hadi karibu na mnara wa Columbus, mwanzo wa La Rambla.

Maoni yangu: Roma kwa treni na matineja inawezekana, maana treni hushusha hata San Pietro, karibu na Vatikani, na safari ni kama saa moja. Pisa kutoka Livorno inawezekana kwa utulivu. Paris na Berlin kwa siku moja, hapana. Utakuwa umewafundisha vijana kukaa kwenye treni.

Bandari zipi zinafaa kwa mara ya kwanza?

Zile ambazo meli inafika mlangoni pa mji na mji wenyewe una mipaka unayoiona kwa macho.

Valletta, Malta, ndiyo ningeanza nayo. Meli inafunga chini ya kuta, kisha lifti ya Barrakka inakupandisha mita 58 hadi bustani ya juu inayotazama bandari yote, na saa sita mchana mzinga hupigwa pale chini yake. Mji ni mdogo, mitaa yake imenyooka, kupotea ni kazi. Dubrovnik, Kroatia, pia: meli kubwa hufunga Gruž, kama kilomita 3 kutoka mji mkongwe, na basi la mjini linakuacha lango la Pile. Kuta zake, karibu kilomita 2 kuzunguka, ni matembezi ambayo tineja hachoki kwa sababu kila hatua kuna kitu chini yake. Kotor, Montenegro, mpe kijana mwenye nguvu za kumwaga: ngazi zaidi ya 1,300 kupanda hadi ngome ya San Giovanni. Pandeni asubuhi kabla jua halijakaza, na kila mtu na maji yake.

Na bandari ambazo meli inatia nanga baharini?

Hapo abiria hushushwa kwa boti ndogo, na waliolipia ziara za meli mara nyingi hutangulizwa. Wewe unachukua namba na kusubiri. Hesabu muda huo mara mbili, kwa sababu kurudi nako kuna foleni ya boti.

Santorini ndiyo mfano mkali zaidi. Boti inakuacha bandari ya zamani, na mji wa Fira uko zaidi ya mita 200 juu ya kichwa chako. Unapanda kwa kebo, yaani kigari kinachoning'inia kwenye waya, au kwa ngazi karibu 600. Wapo punda pia, ila wanyama hao wanabebeshwa mizigo ya watu juani siku nzima na siwashauri vijana wawapande; wangu walikataa wenyewe, na niliwaheshimu kwa hilo. Alasiri, meli kadhaa zinapoita watu wao kwa wakati mmoja, foleni ya kebo ya kushuka inaweza kula saa nzima na zaidi. Mkiweza, teremkeni kwa miguu. Viatu viwe vya kushika chini, kwa sababu mawe yamelainika na yana kinyesi cha punda.

Meli inaweza kutuacha kweli?

Ndiyo. Inaondoka. Ada ya gati inahesabika kwa muda na abiria elfu kadhaa wana bandari ya kesho.

Dawa yake ni kupanga siku kuanzia mwisho. Shika saa ya mwisho ya kupanda melini, ambayo kwa kawaida ni nusu saa au zaidi kabla ya meli kung'oa nanga, kisha rudi nyuma. Tuseme ni saa kumi na moja na nusu jioni, Civitavecchia. Mimi nataka niwe stesheni ya Civitavecchia kabla ya saa kumi. Kwa hiyo treni yangu inatoka Roma kati ya saa nane na nusu na saa tisa. Kisha kanuni ambayo sijawahi kuivunja: usipange kupanda treni ya mwisho inayowahi, panga ile inayoitangulia. Yako ikifutwa, bado kuna nyingine nyuma yake.

Angalia pia migomo. Italia migomo ya treni hutangazwa mapema, na siku za kazi kuna vipindi ambavyo treni fulani lazima ziende: kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Tazama vizuri uone kwamba kipindi cha jioni kinaanza meli yako imeshaondoka. Siku ya mgomo tunabaki mji wa bandari, na Civitavecchia yenyewe ina ngome na ufuo wa kutembea.

Mkiachwa hata hivyo, msikimbilie kukodi boti. Mpigieni wakala wa bandari, yaani mwakilishi wa kampuni ya meli pale bandarini. Namba yake iko kwenye gazeti la meli la siku hiyo, ambalo mnalipiga picha asubuhi kabla ya kushuka. Mara nyingi wahudumu hutafuta pasipoti chumbani na kumwachia wakala. Gharama ya kuifuata meli hadi bandari inayofuata ni yenu, kwa hiyo bima inayotaja jambo hilo si anasa.

Tufuate saa ya simu au saa ya meli?

Ya meli, daima. Simu hujibadilisha kufuata minara ya nchi kavu, saa ya meli haibadiliki mpaka nahodha wa meli aamue. Mfano unaoumiza watu: Cozumel, Meksiko, haisogezi saa majira ya joto, lakini Florida husogeza. Meli iliyotoka Miami mwezi wa Julai ikibaki na saa ya Miami, simu yako Cozumel itakuonyesha saa tisa alasiri wakati melini ni saa kumi. Familia inayotembea kwa kuangalia simu inafika gatini kutazama mkia wa meli.

Kila mtu avae saa ya mkononi, ya bei rahisi, iliyotegeshwa melini na isiyo na intaneti. Na sisi wa Kiswahili tuna jambo letu la ziada: ratiba imeandika 16:30, mzazi anasema saa kumi na nusu, kijana aliyezoea kusoma simu anasikia 10:30. Kubalianeni asubuhi, kwa sauti, tarakimu zipi mtazitamka siku hiyo.

Naweza kumwachia kijana atembee bila mimi?

Swali la kwanza ni la meli. Kampuni nyingi hazimruhusu abiria wa chini ya miaka 18 kushuka bila mtu mzima anayewajibika. Kadi yake ikisomwa mlangoni, mfumo unaonyesha. Uliza kabla ya kuahidi.

Mkishashuka pamoja, uhuru unaweza kutolewa kwa vipande. Napenda kuanzia mahali penye ukuta na pasipo magari. Ndani ya mji mkongwe wa Dubrovnik, Stradun ni mtaa wa kama mita 300, una chemchemi ya Onofrio mwisho mmoja na mnara wa saa mwisho mwingine. Unaweza kukaa na kinywaji chako, ukawaambia wawili: nendeni pamoja, msitoke nje ya kuta, dakika 45, tukutane kwenye chemchemi. Watarudi dakika ya 40 wamejaa hadithi. Bandari inayofuata ongeza muda. Wakichelewa bila sababu, punguza, bila hotuba.

Mmoja peke yake simruhusu, hata akiwa na miaka 17. Si kwamba simwamini. Mtu akiteguka mguu, wa pili ndiye anayekuja kuniita.

Tukipotezana?

Kila asubuhi tajeni mahali pa kukutania ambapo hata mgeni anaweza kuelekezwa: mnara, chemchemi, lango. Siyo "pale kwenye mgahawa". Sheria yetu: ukipotea, simama ulipo dakika kumi, hakuna mtu, nenda mahali pa kukutania, pita nusu saa bila kuonana, rudi melini. Kila kijana ana karatasi mfukoni yenye jina la meli, jina la gati, namba ya wakala na namba zetu, kwa sababu simu huisha chaji. Dharura popote katika Umoja wa Ulaya ni 112. Marekani, Kanada na Meksiko ni 911.

Simu na intaneti tufanyeje?

Zote ziwe katika hali ya ndegeni kuanzia meli inapoondoka. Mtandao wa simu wa baharini unatumia setilaiti, simu huushika yenyewe, na bili yake inaweza kushinda bei ya ziara mliyoikwepa. Washeni mkishakanyaga nchi kavu. Ramani ya mji ipakuliwe usiku uliotangulia ili ifanye kazi bila intaneti, na nahodha wa siku abebe pawabenki. Laini moja ya data kwa mzazi, nyingine kwa kijana mmoja, inatosha familia ya watu wanne.

Karatasi gani muhimu?

Kadi ya meli kila mmoja. Pasipoti, fuateni meli inavyoelekeza kwa bandari hiyo; zikibaki melini, kila mtu awe na nakala.

Wenye pasipoti zinazohitaji viza wasome njia ya meli kwa makini. Meli ikitoka Italia ikaenda Kotor au Kuşadası, Uturuki, kisha ikarudi Ugiriki, umetoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kuingia tena, hivyo viza ya kuingia mara moja haitoshi. Kroatia, kwa upande wake, imo ndani ya Schengen tangu Januari 1, 2023, na ramani za zamani za mtandaoni bado zinawachanganya watu. Mzazi anayesafiri na mtoto bila mzazi mwenzake abebe barua ya idhini iliyothibitishwa.

Tiketi za vivutio tununue lini?

Mapema, zile zenye saa maalumu. Colosseum tiketi zina jina la mwenye nazo, kwa hiyo kijana naye awe na kitambulisho. Makumbusho na magofu ya serikali ya Italia hayatozi walio chini ya miaka 18 wa taifa lolote, Pompeii ikiwemo, ila wakati mwingine bado unahitaji kuchukua nafasi. Ukienda Pompeii kwa treni ya Circumvesuviana kutoka Naples, shuka Pompei Scavi – Villa dei Misteri. Kuna stesheni nyingine yenye jina la Pompei kwenye njia nyingine. Kwa treni za kawaida za Italia, tiketi ya karatasi hugongwa kwenye mashine kabla ya kupanda. Kazi nzuri ya kumpa mdogo wa familia.

Usiweke tiketi ya saa mapema mno. Meli ikichelewa kufunga kwa saa moja, hiyo tiketi imekwenda.

Wezi?

Wapo, na wanapenda sehemu zilezile: La Rambla, metro ya kutoka Piraeus, treni ya Pompeii, mabasi ya Roma. Tineja anaibiwa simu kwa sababu ameishika mkononi karibu na mlango wa treni; mlango unapofunga, simu imeshuka. Ramani isomwe mgongo ukiwa ukutani. Anayekuvisha bangili au kukupa karatasi ya kutia sahihi, pita bila kusimama. Pesa zigawanywe kwa watu wawili, na kadi moja ya benki ibaki melini.

Joto na mavazi?

Katika joto kali la Julai 2023 Akropoli ilifungwa saa za mchana, kwa hiyo panda asubuhi au usipande. Basilika la Mtakatifu Petro linataka mabega na magoti yafunikwe; shali moja nyepesi kwenye begi imewaokoa wengi. Matunda na nyama za melini msishuke navyo, bandari nyingi zinakataza.

Kijana anasema habanduki melini. Nimlazimishe?

Siku moja ya kubaki kwenye bwawa, mpe, ikiwa mtu mzima anabaki naye. Siku ya pili nauliza amechoka nini. Mara nyingi si mji, ni kupangiwa. Mpe unahodha wa bandari fupi, saa mbili tu, atakako. Binti yangu wakati huo alitaka duka la rekodi za zamani. Tulivuka mji mzima kulitafuta, na njiani tukaona zaidi ya tulichokuwa tumepanga kuona.

Meli ikiruka bandari tuliyoiandaa?

Upepo ukizidi, nahodha wa meli hupita, hasa penye boti ndogo. Tiketi zisizorudishwa zinapotea, ndiyo maana tunanunua chache. Na kijana ambaye zamu yake imemezwa na upepo anapewa bandari inayofuata, hata kama ilikuwa ya mdogo wake. Mdogo anasogezwa mbele moja.